Kitunga Bila Kitu Ndani

Nilikuwa munene. Naanza hapo kwa sababu wajukuu wangu wakiona leo hii miguu yangu, mikavu kama muti wa kusongea foufou, wanafikiri natunga. Situngi. Kiti cha kekele, ile henzirani ya pori, kilichokuwa kwenye barza yetu kilikuwa changu peke yangu, na siku zingine nikisimama, nacho kilisimama pamoja na mimi.

Na nilijivuna. Ilikuwa zamani ya Zaire, wakati sisi wote tuliitwa citoyen na citoyenne, ndiyo raia, na muke munene alikuwa kama cheti cha kazi cha bwana wake. Bwana wangu alikuwa chef de bureau, mukubwa wa ofisi ya serikali. Kila asubuhi Land Rover ya serikali ilikuja kumuchukua mbele ya parcelle, kiwanja chetu, avenue ya kumi na mbili, hapa commune ya Tshopo, muji wa Kisangani. Yeye anatoka na abacost, suti ile isiyo na tai, iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, mimi nabaki kwenye barza na chai yangu. Mabinti wanaenda sokoni, wanateka maji, wanatwanga sombe, majani ya muhogo. Mimi naamuru. Siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya kila Jumamosi, wanawake wa avenue wanainama kukata majani kando ya barabara; mimi natuma binti mukubwa, natazama kama anainama vizuri.

Mimi huyu! Niliyezaliwa upande wa Opala, niliyebeba muhogo toka shamba mpaka muto Lomami tangu meno ya utoto hayajatoka yote. Lakini muke wa chef akitembea kwa miguu, watu wanasema bwana ameanguka. Basi nilifika mahali ambapo hata chumvi ya duka la pembeni nilituma mutu kuninunulia.

Wageni wakubwa walipokuja mujini, tuliitwa kucheza na kuimba kwenye barabara. Mimi waliniweka mustari wa mbele. Si kwa sababu nilicheza vizuri. Kwa sababu liputa la chama, kile kitenge chenye sura ya Mukubwa wa inchi, juu yangu sura ilionekana yote, haikukunjika hata sikio. Nilicheza wimbo mumoja, wa pili nilipiga makofi tu, wa tatu nilitafuta kivuli. Pumzi hakuna.

Bon. Sasa nieleze kilichonitoa kwenye kiti.

Tulikuwa watatu, wasichana wa tumbo moja. Mimi niko wa katikati. Mudogo wangu alikaa avenue ya kumi, karibu na mimi; alikuwa fundi wa nguo. Mukubwa wetu alibaki kwetu Opala na bwana wake na mashamba yake. Mwaka ule akaja kwangu na mutumbwi wa mota, amefunga kifua na liputa tatu, moja juu ya ingine, na jua lile la Kisangani. Nikamuambia, "Yaya," vile tunaita dada mukubwa, "fungua, utakufa na joto." Hakutaka. Usiku ule nilisikia harufu, nikajua.

Sitaeleza yote. Nitasema tu kwamba titi lilikuwa limekuwa jiwe, na jiwe lilikuwa limefunguka. Alilificha miaka miwili chini ya nguo. Nikamuuliza, "Kwa nini hukusema?" Akanijibu, "Nilifikiri ni maziwa ya mutoto wa mwisho yaliyobaki, yakaganda." Mutoto wa mwisho alikuwa na miaka kumi na tano, anavuta sigara. Lakini wengi wetu tuliamini vile: uvimbe wa titi ni maziwa yaliyolala, unaweka majani ya moto, unangoja. Tukamupeleka hospitali, wakatuambia tulichelewa. Akafia chumbani kwangu, mwanzo wa mvua. Watu wawili tu waliweza kuingia mule kumuosha: mimi na mudogo wangu.

Kilio kilipokwisha, nikaogopa. Mutu munene akiogopa anasikia moyo mpaka kwenye masikio. Kila usiku nilijigusa kifua, kila usiku nilipata kitu, asubuhi hakipo. Siku moja nikavaa vizuri, nikapanda Land Rover pamoja na bwana, nikashuka kwenye hospitali kubwa kule Makiso, katikati ya muji.

Docteur alikuwa kijana mwembamba wa upande wa Kivu, Kiswahili chake kimenyooka kama cha misa. Alinigusa mahali pote, kifua na kwapa, mimi naangalia dirisha. Akanipandisha kwenye mizani. Sindano ilikimbia mpaka mwisho ikatetemeka pale. Akachukua kamba ya kupimia kama fundi wa nguo, akaizungusha tumboni, kamba ikakosa urefu, akaomba ingine. Akapima tension, presha ya damu. Halafu akakaa na kalamu.

"Mama, ulizaa watoto wangapi?"

"Saba. Na saba wako wazima."

"Uliwanyonyesha wote?"

"Sasa ningewapa nini, bière ya chupa?"

Akacheka. "Damu ya mwezi inakuja bado?"

Swali hilo, toka kwa kijana ambaye ningeweza kumuzaa! Nikaambia dirisha, "Imekatika mwaka juzi."

"Kwa siku unatembea kiasi gani?"

"Natembea toka chumba mpaka barza."

"Na toka barza?"

"Narudi chumba."

Akaweka kalamu chini. Akaniambia hakupata uvimbe. Nilitaka kusimama na kuimba, yeye akainua mukono. "Ngoja, mama. Uvimbe hakuna, lakini alama ziko. Dada yako wa tumbo moja amekufa na ugonjwa huu: hiyo alama haiondoki. Damu imekatika na kilo zinapanda: hiyo nayo ni alama, lakini hiyo inaweza kuondoka. Mafuta ya tumboni hayakai bure. Mwanamke akishapita umri wako, mwili unatengeneza ndani ya mafuta yale kitu ambacho kinalisha uvimbe wa titi."

"Unipe dawa."

"Dawa ni miguu. Kila siku, nusu saa na zaidi, mwendo wa mutu aliyechelewa bateau, meli ya muto. Siwezi kuahidi kwamba ugonjwa hautakuja. Kuna wanaotembea na unawapata. Lakini nafasi yake inapungua. Na kila mwezi ujipapase kwa vidole, hivi, ukilala." Akanionyesha: vidole vitatu, kuzunguka, mpaka kwapani. "Una ndugu mwingine wa kike?"

"Mumoja, mudogo wangu. Anashona. Toka asubuhi mpaka jioni iko kwenye mashini."

"Alizaa?"

"Hapana. Mungu hakumupa."

Akaandika kitu. "Mwanamke ambaye hakuzaa na hakunyonyesha, naye ana alama moja zaidi. Si kosa lake. Umulete nimuangalie. Usikawie, mama."

Nikatoka mule nimeshika maneno yote vizuri, kama mutu anayebeba mayai. Maneno matatu tu yaliniangukia njiani: si kosa lake.

Lazima niseme habari ya mudogo wangu mbele ya kuendelea. Aliolewa na mwalimu. Miaka saba hakuzaa, mwalimu akamurudisha kwetu na sanduku lake na mashini yake, kama vile mashini nayo ilikuwa tasa. Tangu hapo, mutu akitamka neno tumbo mbele yake, yeye anakanyaga mashini kwa nguvu ili asisikie. Mimi nilijua. Nilijua kuliko mutu yeyote.

Sasa nilifanya nini? Nilishuka avenue ya kumi, nikapanda barza yake, wateja wawili wako pale wanajaribu nguo, nikapiga kelele, maana mimi kusema kwangu ni kelele: "Weye! Docteur amesema uende hospitali! Amesema ugonjwa wa mukubwa wetu unapenda wanawake ambao hawakuzaa! Jipapase kwa vidole vitatu, hivi, mpaka kwapani!" Na nikaonyesha, juu ya nguo, mbele ya wateja.

Mashini ikanyamaza. Mwanamke mumoja akaangalia miguu yake.

Mudogo wangu hakulia. Akasema polepole, "Kumbe hata kufa, nitakufa kwa sababu ya tumbo."

"Sikusema hivyo..."

"Yaya, toka kwenye barza yangu. Unanifungia mwanga."

Nikatoka. Hakuongea na mimi mwezi muzima. Nilituma binti na samaki, samaki akarudi. Nikatuma bwana wangu mwenyewe na abacost yake; alipewa chai, alipewa kiti, hakupewa jibu. Mbele ya macho yangu nilimuona mukubwa wetu na liputa zake tatu, halafu chini ya liputa zile uso ulikuwa wa mudogo. Mumoja nilishamuosha. Wa pili sikutaka kumuosha.

Alors nikaanza kutembea. Nikajiambia, kama siwezi kumupeleka yeye, nipeleke mwili huu wangu.

Siku ya kwanza nilitoka mikono mitupu, mwendo wa mutu aliyechelewa bateau. Sikufika avenue ya kumi na moja. Mama wa kuuza makala, makaa yale ya kupikia, akainuka: "Mama chef! Kilio kiko wapi?" Kwetu, mwanamke mukubwa akienda mbio bila mzigo, mutu amekufa. Nikamuambia hakuna kilio. Akanihurumia machoni. Siku ya pili walisema bwana amenifukuza. Siku ya tatu, wengine walinifuata nyuma kwa heshima, kwa sababu walifikiri nawaficha mahali pa matanga.

Nikarudi nyumbani nikafikiri. Mwanamke mwenye mzigo hakuna anayemuuliza anaenda wapi. Nikachukua kitunga, nikakifunika na liputa kuukuu, nikakiweka kichwani. Ndani, hakuna kitu. Nilijiona mwerevu sana.

Kumbe ni vibaya zaidi.

"Mama, uko nauza nini?"

"Hakuna kitu."

"Iko makayabo, samaki ya chumvi?"

"Hapana."

"Mikate?"

"Nasema hakuna!"

"Eh, mama chef, hata bei hujasema umeshakasirika!"

Kwa sababu sikutaka kufunua, watu wakaamini kuna kitu ndani. Na zamani ile, kitu ambacho mutu hataki kufunua Kisangani ni kimoja: mawe, ndiyo diamant, almasi. Juma moja halikuisha, Tshopo nzima ilijua kwamba muke wa chef de bureau anapitisha mawe asubuhi na kitunga. Bwana wangu akarudi kazini na uso mweusi.

"Chef wangu ameniuliza kama mushahara haunitoshi. Kaa nyumbani, citoyenne. Unaniharibia jina." Akinikasirikia aliniita citoyenne.

Nikamuambia, "Kifua cha mukubwa wetu ulikiona. Ulikuwa unakula nje juma zile zote sababu ya harufu. Sikukulaumu. Sasa chagua: muke anayetembea au muke anayenuka."

Bwana wangu ni mutu wa karatasi, hajazoea kuambiwa hivyo. Alikula, akalala. Juma lililofuata nikakuta chini ya kitanda viatu vya plastiki, vipya, kipimo changu. Hakuvitaja, na mimi sikuvitaja mpaka alipokufa.

Njia yangu niliipindisha makusudi ipite kwanza mbele ya barza ya mudogo wangu, kabla ya kupanda upande wa daraja. Kila asubuhi napita, kila asubuhi yeye anainamisha kichwa juu ya sindano. Mpaka siku ya gendarme, askari wa serikali.

Gendarme alikuwa amesimama palepale avenue ya kumi, na kofia yake, na tamaa yake ya mawe. "Citoyenne, teremusha kitunga."

Nikateremusha.

"Funua."

Nikafunua. Akaangalia. Akatia mukono, akapapasa pembe zote nne za kitunga, na kitunga kiko duara.

"Iko wapi?"

"Nini?"

"Kitu."

"Hakuna kitu."

"Sasa uko nabeba nini?"

"Niko nabeba kitunga."

"Unakipeleka wapi?"

"Mpaka kwenye daraja. Halafu nakirudisha."

Akaniangalia, akaangalia kitunga, akakipindua. Jasho linamutoka. Watu wameshajaa. Mwishowe akakaza sauti: "Na karatasi ya kitunga, iko wapi?"

Hapo nikasikia kitu ambacho sikukisikia tangu mukubwa wetu alipokufa. Mudogo wangu alikuwa anacheka. Alicheka mpaka paji lake likagonga mashini, mguu bado unakanyaga, nguo ya mutu ikapita yote chini ya sindano ikashonwa mukono na kola pamoja. Akashuka barza anapangusa macho.

"Mon adjudant," akamuambia, na mutu yule hakuwa na cheo cha adjudant, "muache huyu. Ni yaya yangu. Hana akili, lakini mawe hana."

Watu wakaanguka na cheko. Gendarme akaenda. Tukabaki wawili na kitunga chini kati yetu.

"Kweli hakuna kitu ndani?" akaniuliza.

"Hakuna."

"Unazunguka tu?"

"Nazunguka tu. Docteur amesema." Nikataka kuongeza. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikaushika na meno.

Kesho yake nikamukuta amesimama mbele ya parcelle yake, kitunga chake kichwani, ndani amejaza vipande vya nguo. "Nakuja," akasema, "kwa sababu ukienda peke yako watakufunga."

Hivyo tukaanza kutembea wawili, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa muto haujaondoka. Mwanzo tulikwenda upande wa daraja la Tshopo, pale unaposikia maji ya barrage, bwawa la umeme, yananguruma kabla ya kuyaona. Yeye alikuwa mwembamba kuliko mimi lakini mugongo wake ulikuwa umejikunja kwa kukaa, alilalamika nyonga, kiuno, visigino. Mimi nilihema kama mashua ya mota. Tuliongea habari za sombe, za wateja wasiolipa deni, za mwalimu yule ambaye muke wake mupya naye hakuzaa, na hapo mudogo wangu aliinua kichwa kidogo. Habari ya titi hatukutaja.

Lakini mimi nilikuwa na shauri langu. Commune yetu, avenue zake zina namba. Ukienda upande wa muto, namba zinapanda. Ukienda upande wa muji, zinashuka mpaka ya kwanza, halafu unaingia Makiso, na hospitali iko pale. Siku moja nikamuambia, "Kule daraja kuna tope, leo tupite upande huu." Tukashuka mpaka avenue ya nane, tukarudi. Juma lililofuata, ya sita. Sikuharakisha. Nilimunyemelea kama mutu anayetaka kushika kuku: unatupa punje hapa, unatupa punje pale, unajifanya kuangalia mbali. Ya tano. Ya nne, kwa sababu eti kuna mama anauza kwanga nzuri, mukate wa muhogo. Ya pili, kwa sababu eti nimesahau kuangalia bei ya sabuni. Nguo zangu zilianza kunilegea, yeye mwenyewe aliniingizia mishono, pini katika meno, akasema, "Yaya, uko nakwisha kama sabuni." Nilifurahi, lakini furaha haikukaa. Kila siku niliangalia namna anavyobeba mukono wa kushoto, karibu na mwili, na nilijiambia ni kitunga.

Asubuhi tuliyovuka avenue ya kwanza, alipunguza mwendo. Tukaingia Makiso. Barabara kubwa zile, miti pande mbili, wanafunzi wanaenda masomo. Nilisema maneno mengi, ya bei, ya mvua, sijui ya nini. Ukuta wa hospitali ukatokea. Nikakaza mwendo kama vile sikuuona.

Mudogo wangu akasimama. Akateremusha kitunga.

"Tumefika, hapana?"

"Tumefika wapi?" nikasema. Mwongo mimi.

"Yaya, mimi nimezaliwa Opala, sikuzaliwa jana. Avenue ya nane, avenue ya sita, avenue ya nne. Unafikiri sijui kuhesabu kurudi nyuma? Kila siku nilisema, leo akinitukana tena narudi nyumbani na sitatoka. Hukunitukana. Basi nikatembea."

Nikateremusha changu nami.

"Siku ile ulipopiga kelele mbele ya wateja," akasema, "jioni nilifunga mulango, nikajipapasa vile ulivyoonyesha. Vidole vitatu. Nilitafuta ili nikuonyeshe uko mujinga." Akashika kifua chake upande wa kushoto, juu, karibu na kwapa. "Nikapata. Kama punje ya karanga."

Nilikaa chini. Palepale kando ya ukuta, muke wa chef de bureau, juu ya majani yenye umande. Miezi hiyo yote mimi nahesabu avenue na werevu wangu, yeye anabeba karanga yake kimya. Angeweza kusema siku ya kwanza, kama mimi nisingemufunga kinywa. Nikamuambia maneno matatu yale. Nilikuwa nimeyaacha njiani, nilirudi kuyaokota: "Docteur alisema si kosa lako. Alisema tangu siku ile. Mimi ndiye sikukuambia."



"Hilo ungepaswa kulipigia kelele," akasema. Halafu akanipa mukono kuniinua, na hiyo haikuwa kazi ndogo, akachukua kitunga chake, tukaingia.

Tukamueleza docteur yote, liputa tatu na karanga. Alipomupapasa sikuangalia dirisha. Niliangalia uso wake docteur, kipande kwa kipande. Alirudia mara mbili mahali palepale. Akasema, "Ni kidogo, na kwapani sisikii kitu. Lazima tukate. Mumekuja mapema, mama. Karibu kila siku naona wale wa liputa tatu. Wa karanga naona wachache sana."

Wakakata titi lote la kushoto. Nasema wazi kwa sababu yeye mwenyewe anasema wazi. Juma zile zote alipolala mule, mugonjwa alikula chakula cha nyumbani, kama kawaida yetu. Kwa hiyo kila asubuhi na kila mangaribi mimi nilitembea toka avenue ya kumi na mbili mpaka Makiso, kitunga kichwani, na safari hii kilikuwa kizito: foufou ndani ya majani, sombe, samaki wa kupikwa, chai katika thermos, nguo safi. Bwana alisema, "Panda Land Rover." Nikamuambia docteur amesema miguu. Mama wa makala akauliza, "Mama chef, leo kuna kitu ndani?" Nikafunua nikamuonyesha. Kesho yake akanitia ndizi mbili. Kesho kutwa mwingine akatia mayai. Wanawake wale waliosema nafukuzwa, nabeba mawe, walijaza kitunga mpaka shingo ikaniuma. Wawili wakaanza kunisindikiza na vitunga vyao, na njiani, taratibu, bila kunitazama usoni, wakaniuliza vile vidole vitatu vinazungushwa namna gani.

Siku docteur alipomuruhusu mudogo wangu kurudi, akanipandisha mimi nami kwenye mizani. Sindano haikufika mwisho. Akagonga mizani na kidole, akafikiri imeharibika. Akazungusha kamba ya tumbo, ikatosha na ikabaki. Tension, vizuri. "Sisemi umepona," akasema, "kwa sababu hukuwa mugonjwa. Ile alama iliyokubali kuondoka, imeanza kuondoka. Usiiite tena."

Mudogo wangu akakaa nyumbani mwezi muzima bila kutoka. Hapo niliogopa upya, kwa sababu kifua cha upande mumoja ni kitu cha kuangaliwa barabarani, na yeye alishachoka kuangaliwa. Nilipita kila asubuhi, nikagonga, nikaambiwa, "Kesho." Sikupiga kelele. Nilijifunza, hata kama nilichelewa.

Asubuhi moja nikasikia mashini toka mbali. Nikapanda barza. Alikuwa amevaa bulausi iliyomukaa sawa, pande mbili sawa, nikashangaa. Akaniita karibu, akaangalia huku na huku, akafungua kifungo kimoja. Alikuwa ameshona titi. La nguo, na pamba ndani, na mchanga kidogo uliochujwa ili lisipande juu akitembea. Alilishona na kipande cha liputa la chama, na sura ya Mukubwa wa inchi ilikuwa palepale katikati, inaangalia.

"Weye! Watakufunga!"

"Nani ataangalia humu?" akanong'ona. "Na yeye anapenda kukaa karibu na roho ya raia."

Tukacheka mpaka tukashikana. Halafu akachukua kitunga, kile chake, akamwaga vipande vya nguo vyote chini, akakiweka kichwani bila kitu ndani.

"Leo upande wa daraja," akasema. "Hospitali nimeshaiona."

Inchi imebadilisha jina tangu pale, na gendarme yule sijui alikwenda wapi. Bwana wangu amelala kwenye makaburi, Land Rover ilioza mbele ya ofisi. Mudogo wangu anakaa kwangu sasa, nywele nyeupe zote. Ameshonea wanawake wengi wa hapa matiti ya nguo, na hakuuza hata moja. Wajukuu wangu wa kike ni kumi na mumoja, wote nimewafungia chumbani mumoja mumoja nikawaonyesha vidole vitatu, wanaona haya, wanasema, "Koko, wacha!" Siachi. Mumoja anasoma uuguzi, na anaposema ananirekebisha, mimi namuacha arekebishe, najivuna.

Asubuhi bado tunatoka. Wasichana wa leo wanatuona vikongwe wawili na vitunga vitupu, wanauliza tunauza nini. Mimi nimechoka kujibu. Mudogo wangu hachoki. Anatembea mbele yangu hatua kumi, kifua kimenyooka, anageuka nyuma ananiita:

"Yaya, songa! Bateau inatuacha!"